Sikio la Ziada

Usiku wa jana niliota pikapu yetu imeingia jikoni na inakunywa uji.

Ilikuwa imekaa kwenye kigoda cha Mama, magurudumu ya mbele yameshika kikombe. Sikushtuka. Nilichowaza ni kwamba kigoda kile ni kibovu, na kikivunjika Mama atasema ni mimi.

"Shikamoo," nikasema, maana imenizidi umri.

"Marahaba, Tusa. Sukari iko wapi?"

Nikaipa. Ikachota vijiko vinne ikamimina kwenye tangi la mafuta. Nikaiambia hiyo si nzuri kwa injini. Ikanijibu kwamba kwa mtu anayekwenda kupimwa kilo kesho, ushauri wa afya umechelewa.

Hapo ilikuwa na haki. Pikapu hii imekaa juu ya mawe kando ya migomba, hapa kwetu Tukuyu, tangu nikiwa darasa la tano. Nilipomaliza kidato cha nne, mimi na Mjomba Ambakisye tukaanza kuifufua. Tumeshusha injini, tumeiosha kwa mafuta ya taa, tumeirudisha. Mjomba ni fundi kweli, ila ana tabia moja. Akimaliza kufunga kitu na bolti ikabaki mkononi, anaitazama, anasema "hii ya ziada," halafu anaitupa kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo limejaa na pikapu haiwaki. Ukizungusha ufunguo inasema tik, basi. Na Baba, ambaye anapataka pale kwa banda la kuku, ameshatoa hukumu: mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja asubuhi na mizani yake. Ikiwaka kabla haijapimwa, inabaki. Isipowaka, inakwenda naye.

"Mimi nimekubeba," pikapu ikasema, ikijifuta bampa kwa khanga ya Mama. "Ulizaliwa humu nyuma, juu ya magunia ya ndizi, tukiwa njiani kwenda hospitali. Nilipunguza mwendo kwa adabu. Leo utakaa uangalie ninavyopimwa?"

"Siangalii. Ila huwaki."

"Nitawakaje na kuna kitu hakipo? Kamuulize mjomba wako."

Nafungua mlango wa jikoni nitoke uani. Ua haupo. Kuna uwanja wa mpira wa shule yetu ya sekondari, na katikati ya uwanja, juu ya gunia, yupo Mjomba Ambakisye. Amefunguliwa vipande vipande.

Vimepangwa vizuri, kama anavyopanga vipuri mwenyewe: vidogo juu, vikubwa chini, vya grisi pembeni. Kichwa kiko peke yake kinatafuna karanga. Karanga zinatokea shingoni na kuanguka kwenye majani, naye hajali.

"Umechelewa, mjomba," kichwa kinasema. Sisi huitana hivyo wote wawili. "Nifunge haraka. Nina watu wananisubiri."

"Nianzie wapi?"

"Si nimekufundisha? Kilichotoka mwisho kinaingia kwanza."

"Nini kilitoka mwisho?"

"Nitajuaje? Kichwa kilitoka kwanza."

Naanza na goti, kwa kubahatisha. Spana namba kumi haipo, imepotea tangu Pasaka, kwa hiyo nakaza kwa mkono. Mbavu zinaingia vizuri. Bega moja linagoma mpaka nalipiga nyundo kidogo, na Mjomba anasema hapo hapo, ongeza. Mwishowe anasimama, anajaribu kutembea. Mguu wa kulia unalia kila anapokanyaga. Anasema huo utazoea barabara.

Natazama gunia. Limebaki sikio.

"Mjomba, sikio limebaki."

"Hilo la ziada."

"Ni la kushoto."

"La kulia si lipo? Tia kwenye kopo."

"Lakini mjomba, hutasi..."

"Unasemaje?"

"Nasema hutasikia."

"Njoo useme upande huu."

Nalitia kwenye kopo. Linaanguka, linaendelea kuanguka, wala sisikii likifika. Nainama kuchungulia, nami naanguka.

Chini ya kopo ni darasa letu la kidato cha pili. Lile dirisha lisilo na kioo bado halina kioo. Madawati yamejaa bolti na nati, zimekaa wima, zimevaa sweta za shule. Ubaoni amesimama spana namba kumi.

"Kumbe uko huku," nasema. "Tumekutafuta tangu Pasaka."

"Mlinitafuta mmesimama, mnalaumiana," anasema spana. "Mtu anayetafuta huinama. Kaa."

Nakaa. Sikio la Mjomba liko mapajani mwangu, nalifunika kwa kiganja lisisikie mengi.

"Nani humu ni wa ziada?" spana anauliza darasa. "Anyooshe mkono."

Hakuna anayenyoosha. Mikono hawana, lakini nilivyowaona, hata wangekuwa nayo wasingenyoosha.

"Mimi ni wa mlango wa dereva," inasema bolti ndefu ya mbele. "Ndiyo maana mnaufunga kwa kamba."

"Mimi ni wa kiti," inasema nyingine. "Mwambie mjomba wako asiegemee sana."

Nyuma kabisa iko bolti moja fupi, kichwa chake kina rangi nyekundu. Spana anaikazia macho mpaka inasema.

"Mimi nashika waya wa ethi."

"Ndio upi huo?" nauliza.

Darasa zima linaguna. Spana anaweka chaki chini taratibu, kama mwalimu anayejihesabia miaka ya kustaafu.

"Sikiliza. Umeme unatoka kwenye betri, unakwenda kwenye injini, unafanya kazi yake, halafu unataka kurudi nyumbani. Waya wa ethi ndiyo njia ya kurudi. Nyie mmeuacha unaning'inia nyuma ya injini. Ungekuwa wewe, ukiambiwa nenda, ila njia ya kurudi hakuna, ungetoka?"

"Nisingetoka."

"Nao hautoki. Unachungulia mlangoni, unasema tik, unarudi kulala."

"Na Mjomba hakuona?"

"Aliona. Pale mkono wake hauingii. Alihangaika, akachoka, akasema lile neno lake. Hebu lete mkono wako."

Nampa. Anaupima kwa kinywa, baridi tupu.

"Unaingia," anasema. "Utachubuka."

Kabla sijajibu, darasa linapinda. Madawati yanatelezea upande mmoja, bolti zote zinamiminika juu yangu, na mimi naona kwamba kopo limenyanyuliwa. Ni mwenye mizani. Anatumwaga sote kwenye sahani moja. Kwenye sahani ya pili imekaa pikapu, imeinamisha taa zake. Mimi ndiye mzito, na mimi niko nusu uchi, nimevaa kaptula ya kulalia.

Baba amesimama pembeni, vifaranga wamejipanga mabegani kwake.

"Baba, itawaka."

"Mbona sisikii?"

"Bado bolti moja tu."

Baba anamgeukia mwenye mizani. "Hiyo 'bado' ina kilo ngapi?"

Mwenye mizani analichukua neno langu kwa vidole viwili, analiweka kwenye sahani, anasubiri. Mshale hausogei.

"Haina kitu," anasema.

"Basi pakia."

"Tusa," pikapu inasema kwa sauti ndogo. "Siku ile kulikuwa na mashimo. Niliyakwepa yote."

Namwona Mjomba ng'ambo ya uwanja, anaondoka, mguu unalia. Naita. Hanisikii, nimekaa upande usio na sikio. Naruka kutoka kwenye mizani na spana mkononi, namfikia, nalibandika sikio la kushoto mahali pake, nakaza. Nakaza tena. Naongeza na nusu, kwa hasira.

"Mjomba, bolti ya waya wa ethi!"

"Nimesikia," anasema. "Punguza, inauma."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha, na lori la vyuma chakavu lilikuwa likipiga honi kwenye njia ya migombani. Sikunawa uso. Nilichukua kopo, nikalimwaga lote mlangoni. Bolti fupi yenye rangi nyekundu ilikuwa chini kabisa. Nikaenda kwenye pikapu, nikainama. Spana namba kumi ilikuwa imelala juu ya chesisi, mahali ambapo mimi na Mjomba tulikuwa tumesimama kila siku tukilaumiana.

Mwenye mizani alikuwa anafunga minyororo yake kwenye mti. Baba alikuwa anamwonyesha wapi banda litakaa, na Mjomba alikuwa ameshafika, amesimama kando ya pikapu. Nikaingiza mkono nyuma ya injini. Waya ulikuwepo, unaning'inia kama ulivyosemwa, nikaukaza kwa ile bolti. Nilipoutoa mkono, ulikuwa umechubuka kuanzia kidole mpaka kiwiko.

"Mjomba, piga."

Mjomba Ambakisye akafungua kamba ya mlango, akaingia, akazungusha ufunguo. Pikapu ikakohoa, ikatoa moshi uliofunika migomba, ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Mama akatoka jikoni akasimama, mwiko mkononi. Baba akatazama moshi, akatazama mizani, kisha akamwambia yule bwana, "Basi utachukua yale mabati yenye kutu." Baadaye kidogo akaongeza, kama anajisemea, "Banda tutaliweka upande wa choo."

Mjomba akashuka. Hakuniuliza bolti imetoka wapi. Alisema tu kwamba alijua toka mwanzo ni jambo dogo. Alikuwa ameshika sikio la kushoto.

"Lina nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Nimeamka nalo hivi hivi. Linauma kama mtu amelikaza."

Nikamwambia ageuke nilitazame. Nyuma ya sikio palikuwa na grisi nyeusi, na kwenye grisi alama ya kidole gumba. Nikaweka changu juu yake. Kikaenea.

"Unaona nini, mjomba?"

"Hamna kitu," nikasema. "Ila kwa leo usiliguse-guse."