Ukurasa Bila Kodi

Kabla sijasimulia nilichoota usiku wa jana, niseme kwanza nilichofanya jana jioni nikiwa macho kabisa, maana hicho ndicho cha aibu.

Mimi ni fundi makochi hapa Makambako. Nina diploma ya ugavi, imetundikwa ukutani kwenye banda langu, na msumari ulioishika ni wa kochi. Jana jioni mteja mmoja, Mama Lwitiko, aliandika mtandaoni chini ya picha ya seti yangu: "Fundi, hii bei gani? Jumamosi wageni wa posa ya Tusekile wanaingia kwangu, na sebule ina mkeka tu."

Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Bei njoo inboksi."

Akaja inboksi. Mimi sikwenda. Nilikuwa nimeshikwa na tangazo: "Jenga ukurasa wa kisasa wa biashara yako, bila kodi!" Nikajiambia, hapo ndipo. Banda nalipia kodi, nyumba nalipia kodi, angalau huko mtandaoni nikae bure.

Mke wangu alikuwa pembeni anachambua maharage.

"Baba Edna, mbona kitu cha bure kinakuomba namba ya siri?"

"Ni usajili tu, Mama Edna."

"Haya. Sajili."

Nikasajili. Simu ikaniambia pesa imetoka, na mwezi ujao itatoka tena, na unaofuata, hadi nitakapoomba isitoke. Nikarudi kusoma yale maandishi madogo ya chini. Kumbe kodi waliyoisema ni yale maandishi ya mafundi wa kompyuta, yenye mabano na nukta mkato, ambayo Mzungu naye anayaita kodi. Aliyetafsiri aliliacha neno kama lilivyo. Bila kodi maana yake hutaandika mabano. Pango liko palepale.

"Umeelewa sasa?" mke wangu akauliza.

"Nimeelewa."

"Basi lala nayo."

Nikalala nayo.

Nimesimama ndani ya ukurasa wangu. Ni chumba kikubwa, kuta nyeupe, kinanukia rangi mbichi. Jina langu limeandikwa juu kwa maandishi ya kujikunja kama kadi ya harusi. Makochi yangu yamepangwa ukutani, yanang'aa kuliko nilivyoyatengeneza. Kwa kweli pamependeza. Mtu akisema hapakupendeza ni wivu.

"Hodi," inasema sauti nje.

"Karibu."

Unaingia Mkono. Mkono mtupu, hauna mwenyewe, umevaa glavu nyeupe na umenyoosha kidole kimoja, kama ule wa kwenye kompyuta unapokaribia kubofya kitu. Unatembea kwa kiganja.

"Mimi ndiye mwenye nyumba," unasema. "Nimefuata kodi."

"Tangazo lilisema bila kodi."

"Hiyo ni kodi nyingine."

"Mbona jina moja?"

"Wewe kwenu hamna majina yanayofanana?"

Ninafikiri kidogo. Kwetu wapo akina Mgaya wengi, na wengine hatudaiani chochote. Nauambia Mkono upo sahihi. Unakaa juu ya stuli, unakunja kidole, unangoja.

Nataka kusogeza kochi kubwa liwe karibu na mlango, mteja akiingia alione. Nalinyanyua. Halinyanyuki.

"Humu hakunyanyuliwi," unasema Mkono. "Humu unaburuta, halafu unadondosha. Ndiyo sheria."

Naburuta. Kochi linalia sakafuni. Nikifika mlangoni nataka kuliweka chini taratibu, na Mkono unakohoa.

"Nimesema kudondosha."

Nalidondosha. Mguu wa nyuma unakatika.

"Nilijua," linasema kochi. "Huo mguu uliupigia msumari mmoja, siku ile umeme ulikuwa unakatika, ukasema mteja hataangalia nyuma."

"Pole," naliambia.

"Pole zako wape wale kule. Mimi nina miguu mitatu bado."

"Wepi?"

Kochi linanielekeza kwa mkono wake wa kuegemea. Kwenye kona kuna boksi la mbao, refu kunipita, limeandikwa INBOKSI. Ndani watu wanaongea, na kuna harufu ya chai ya tangawizi.

Nachungulia kwenye upenyo wa mbao. Wamejaa wateja wangu. Wengine wamekaa juu ya ndoo, wengine wameegemeana. Kuna mzee anasuka kikapu, kimeshafika mbali. Kuna mwanamke ananyonyesha, na nakumbuka alipoandika kuniulizia kitanda alisema ndiyo kwanza ameolewa.

"Fundi huyo!" anasema kijana mmoja. "Jamani, fundi amechungulia!"

"Muongo wewe," anasema mzee wa kikapu bila kuinua kichwa. "Juzi pia ulisema hivyo, ikawa panya."

"Shikamoo mzee," nasema kupitia upenyo.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mimi nilikuja kuuliza bei ya stuli. Ukaniambia nije inboksi. Nimekuja. Hapa naona nitamaliza kikapu, nikikalie."

Wanacheka wote. Hawana hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaniumiza. Wanapisha mtu anayeingia sasa hivi kwa juu, anashuka kwa shida, kitenge kimemnasa kwenye mbao. Ni Mama Lwitiko.

"Karibu mama, sogea hapa," wanamwambia. "Umeuliza nini?"

"Seti ya sebuleni. Lakini mimi sikai, Jumamosi nina wageni."

"Wote tulisema hatukai," anasema mwenye kunyonyesha. "Chai hii hapa, ina tangawizi."

Nageuka kutafuta mlango wa boksi. Nikigeuka, chumba si chumba changu tena. Ni sebule ya Mama Lwitiko. Mkeka uko chini, boksi liko katikati, na Tusekile amesimama na sinia la vikombe, amevaa gauni jipya. Jumamosi imeshafika. Wageni wa posa wako mlangoni, wazee kwa vijana, suti zimepigwa pasi. Mbele yao yupo mshenga, mtu mrefu mwenye bahasha mkononi.

"Hodi hapa!"

Hakuna wa kumkaribisha. Mwenye nyumba yuko ndani ya boksi.

"Karibuni," anasema Tusekile kwa sauti ndogo. "Mama yupo inboksi."

Mshenga anaangalia mkeka, anaangalia goti lake bovu, anaangalia wenzake. "Tukae wapi, binti? Tumekuja kwa heri. Lakini mimi nikishuka hapo chini, kuinuka itabidi mniandikie barua nyingine."

Mzee aliye nyuma yake anasema labda warudi, waende kwanza kwa yule binti mwingine, ambaye kwao kuna viti. Tusekile anasikia. Analiweka sinia chini, juu ya mkeka.

Najua kabisa huyu binti akikosa posa ni kwa sababu yangu. Nauambia Mkono, "Lifungue hili boksi."

"Kufungua kupo kwenye Kifurushi cha Dhahabu," unasema Mkono. "Kina kijibuji cha kujibu wateja chenyewe, mchana na usiku, na wewe umelala."

"Kijibu kwanza nisikie."

Mkono unabofya hewani. Boksi linasema kwa sauti tamu ya kike: "Asante kwa kuwasiliana nasi."

"Asanteni nanyi kwa kutupokea," anajibu mshenga, na anainama kidogo, mtu mwenye adabu.

"Asante kwa kuwasiliana nasi," linasema boksi.

"Na sisi tunashukuru sana," anasema mshenga.

"Asante kwa kuwasiliana nasi."

Mshenga anafuta jasho. Anageukia wenzake. "Hawa watu wana adabu mno. Tutamaliza lini?"

"Hakisemi bei?" nauuliza Mkono.

"Bei unaijua wewe. Sisi tunajenga ukurasa."

"Na ukuta huu, na maandishi haya ya kujikunja, hayamwambii mteja chochote?"

"Yanamwambia ni pazuri."

Kochi la miguu mitatu, ambalo sijui limefikaje huku, linanisogelea. "Fundi, sema bei."

"Hapa mbele za watu?"

"Hapa hapa."

Nikuambie ukweli kwa nini fundi haandiki bei. Kwanza, anaogopa fundi wa ng'ambo ya barabara ataiona ashushe kidogo. Pili, anataka amwone mteja kwanza, viatu vyake vikoje. Na kweli, nikiangalia dirishani, fundi wa ng'ambo ya barabara, Bwana Kihwele, amesimama pale na sikio limekua kubwa kama dishi la televisheni. Linazunguka taratibu kutafuta mawimbi.

"Habari za kazi, jirani," ananiambia.

"Nzuri tu. Umesimama vizuri hapo?"

"Nimesimama vizuri. Wewe endelea."

Navuta pumzi. Nasema kwa sauti ya mnadani: "Seti ya watu saba, mbao ya mkaratusi, sponji ngumu, milioni moja na laki mbili, na kukuletea mpaka sebuleni ni juu yangu!"

Boksi linapasuka pande zote nne, kama boksi la vigae. Wateja wanamwagika sebuleni. Sikio la Bwana Kihwele linasinyaa, linarudi saizi ya kawaida.

"Basi tu hivyo?" ananiuliza. "Na mimi nauza bei hiyo hiyo." Anaondoka amesononeka.

Wateja wananizunguka, na kila mmoja nampa bei yake mdomoni. Stuli hii, kitanda kile, meza ya kahawa. Mzee wa kikapu anasikia ya stuli, anatabasamu.

"Ghali."

"Ndiyo, mzee."

"Asante mwanangu. Ningejua ni ghali siku ile ile, ningekuwa nyumbani." Anachukua kikapu chake, anaaga, anakwenda zake mwepesi kabisa. Sijawahi kumuona mteja anayeondoka bila kununua akiwa na furaha kiasi kile.

Mama Lwitiko anapangusa kitenge. Anafungua mdomo anijibu. Ndipo tunasikia kugonga. Kunatoka nyuma ya ukuta, upande wa pili, kwenye kurasa za watu wengine. Boksi la muuza viatu, boksi la yule wa mashine za kufulia, boksi la mwenye viwanja. Ngo, ngo, ngo. "Jamani, bei gani?" wanasema huko, na kati yao mtoto mchanga analia. "Kuna mtu?"

"Wafungulie na hao," nauambia Mkono.

"Hao si wapangaji wako," unasema Mkono. "Na wewe Dhahabu hujalipia."

Unashika kona ya dari, unaanza kuikunja sebule kama shuka, mimi nikiwemo, na pale penye mkunjo wa tatu nikaamka.

Asubuhi. Mama Edna anawasha jiko. Simu iko kwenye droo, alikoiweka yeye mwenyewe imezimwa, ili nisijisajili tena popote. Nikaiwasha. Ukaingia ujumbe mmoja wa Mama Lwitiko:

"Nimekusikia fundi. Milioni moja na laki mbili na usafiri juu yako. Punguza kidogo tufanye biashara."

Nikapanda juu kwenye mazungumzo yetu. Hakuna kitu nilichomtumia.

"Mama Edna, usiku niliongea?"

"Ulikoroma. Ungeongea ningekujibu."

Nikapunguza kidogo. Mama Lwitiko akaandika, "Haya anza, na ule mguu wa nyuma upige misumari ya kutosha." Nimekwenda bandani nikapiga minne. Jumamosi mshenga atakaa, na goti lake litanyooka.

Ukiniuliza sasa kama kulipia hizo kurasa kuna maana, nakujibu bila kupepesa jicho. Kama una mdomo wa kujibu watu, lipia, utapendeza na watakuona kwa mbali. Kama huna, umepanga chumba cha kufungia wageni, na kodi unalipa wewe. Mimi bei zangu nimeziandika chini ya kila picha, bure, kwa kidole hiki hiki.

Kisha nikawaandikia wenye kampuni. Ujumbe wenyewe, ambao mpaka naandika haya hakuna aliyeujibu, unasema hivi:

"Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mpangaji wenu wa jana, fundi makochi wa Makambako. Chumba nakirudisha, hela ya mwezi huu kaeni nayo, tusigombane. Ila nyuma ya ukuta wangu kuna watu bado wanagonga, na mmoja wao ana mtoto mchanga. Naomba muwafungulie."