Vidukari wa Tuta la Saba

Kazi yangu ni kuhesabu wadudu. Watu hucheka nikiwaambia, basi na wacheke. Kila asubuhi nainama kwenye shamba la majaribio, nageuza majani ya viazi, nahesabu vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, kisha naandika. Aina nane za viazi, kila aina na tuta lake.

Tuta la saba ni la shangazi yangu. Viazi vyake vina sura mbaya na hakuna mwingine anayevipanda. Mimi ndiye niliyembembeleza atuletee mbegu, naye akaleta zote, hakubakiza hata moja.

Wiki ya tano, bwana shamba, mkuu wangu, alisoma daftari akatikisa kichwa.

"Tuta la saba lina wadudu mara nne ya mengine. Kesho ling'olewe, wasije wakahamia kwa wenzake."

"Lakini majani yake hayajajikunja hata kidogo, bwana."

"Namba hazina shangazi, dada."

Nilinywea, kisha nikapandwa na hasira. Kundi lote lile linakula nini, kama jani bado linang'aa? Nilirudi tutani na lenzi, nikapiga magoti. Nikampuliza kidukari mmoja. Hakusogea. Nikamgusa kwa ncha ya penseli. Wapi! Jani lilikuwa na vinyweleo vyenye matone madogo, na miguu yake yote sita ilikuwa imenasa humo.

Wiki tano nzima nilikuwa nahesabu maiti.

Nilimvuta bwana shamba karibu kwa mkono. Alibisha, kisha akainama. Tulihesabu upya, walio hai tu, majani hamsini. Tukapata watatu, na mmoja wao alikuwa anajivuta kwa shida.

"Fomu inauliza wangapi," alisema taratibu, akifuta vidole kwenye suruali. "Haijawahi kuuliza kama wako hai. Tuta libaki."

Nilimpigia simu shangazi huku nahema. "Shangazi, majani yako yananata! Yananasa wadudu!"

Alicheka mpaka akakohoa. "Ndiyo umejua leo, mwanangu? Si wewe uliyekuwa ukilia ukitumwa kupalilia viazi hivi ulipokuwa mdogo, eti mikono inanata? Nikakuachia ucheze, nikawa napalilia mwenyewe."

Nilitazama vidole vyangu, vyeusi na vimegandana. Niliona haya kuliko nilivyoona mbele ya bwana shamba.

"Safari hii napalilia mimi, shangazi," nikamwambia.