Siku Dugald Alipotaka Kuifuta Wapinshaw

Dugald Petrie, katibu mpya wa klabu yetu ya shabaha hapa Auchenlair, alitaka kulifuta jina la shindano letu la kiangazi.

"Wapinshaw! Vijana wananiuliza kama ni ugonjwa wa kondoo," alisema kikaoni. "Tuliite Siku ya Shabaha, yaishe."

Elspet Gauld, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na moja, alitua kikombe chake cha chai.

"Dugald, mwanangu, unajua maana yake?"

"Sijui, Mwalimu. Ndiyo hoja yangu."

"Ni kuonyesha silaha. Zamani mfalme aliamuru kila mwanamume ajitokeze akaguliwe mkuki wake, upinde wake, kofia yake ya chuma. Asiye na kitu, faini. Vita vilipotulia, watu wakabaki kushindana kulenga. Kwa dada yangu kule pwani, wapinshaw ni kuviringisha mipira kwenye nyasi! Neno limevua deraya, vazi lake la vita, linaota jua, nawe unataka kulizika hai?"

"Na maskini je?" aliuliza Morag, mwoka mikate.

"Bibi yangu alisema waliazimana. Ukishakaguliwa, unazunguka nyuma ya kanisa, unamvisha jirani kofia ileile."

Tulicheka hadi machozi. Dugald hakutaka kushindwa bure.

"Haya, jina libaki. Lakini kila mtu aje na silaha, nitakagua mwenyewe. Asiye nayo ataosha vyombo."

Nilidhani watakuja kumi. Walikuja zaidi ya sitini. Morag alibeba kigongo cha kusukumia unga. Fundi bomba alikuja na spana ndefu kama mkono wake. Mchungaji wa kanisa letu aliinua mwavuli.

"Hiyo nayo silaha?" Dugald aliuliza, penseli mkononi.

"Kwa mvua ya hapa, ndugu yangu, sina nyingine."

Dugald alikagua mstari mzima, uso mkavu kama wa jemadari. Mwishoni Morag akapaza sauti: "Na yako wewe iko wapi?"

Alijipapasa mifuko. Hakuna kitu. Uwanja mzima ukalipuka kwa vicheko, naye akacheka kuliko wote.

Mwalimu Elspet alipiga risasi tano. Nne zikatua katikati. Akaenda jikoni, akamkuta katibu mikono imezama kwenye povu.

"Mwalimu, tangazo la mwakani nitaliandikaje neno hili? Kila daftari la zamani lina tahajia yake."

"Andika upendavyo," alisema, akichukua taulo amsaidie kukausha. "Wazee wetu hawakukubaliana hata siku moja."