Futa Hiyo HKL, Mwalimu

Mektrida alikuwa hajakaa vizuri kwenye benchi, na Mwalimu Salehe alikwisha kuandika HKL kwenye fomu yake.

"Shikamoo, mwalimu. Futa hiyo."

Mwalimu Salehe alicheka. Kwa miaka kumi na tano aliendesha kituo chake cha masomo ya jioni pale Majengo, na kila mtu mzima aliyekuja kutafuta cheti cha kidato cha sita alimpa Historia, Kiswahili na Kiingereza, kama zahanati inavyogawa panadol. Na watu walifaulu. Nje ukutani palikuwa na bango lililosema hivyo kwa herufi nyekundu.

"Marahaba, mama. Hii ndiyo ya watu wazima. Unasoma, unaelewa, unafaulu. Unataka nini tena?"

"Nataka shahada ya kompyuta."

Akaweka karatasi mezani. Yeye alikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu na miaka kumi na saba ya masijala, katika ofisi moja ya Bomang'ombe. Mfumo wa kompyuta ulipoletwa, wenzake waliukwepa kama nyoka aliyeingia ndani. Yeye aliufungua akaujua, mpaka vijana waliouleta wakawa wanampigia simu yeye kuuliza. Lakini alipoomba chuo, alijibiwa kwa mstari mmoja: diploma yako haihusiani na kozi hii. Njia iliyobaki ilikuwa kufanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Karatasi hiyo ya chuo ilieleza wazi: afaulu masomo mawili, na moja lazima liwe Hisabati ya Juu.

"Kumbe unataka PCM," alisema Mwalimu Salehe.

"Sitaki. Fizikia na Kemia zina mitihani ya maabara, na wewe huna maabara, una mabenchi. Nataka EGM. Uchumi nitajisomea, Jiografia naiweza. Hesabu nitafundishwa."

"Na nani? Mwalimu wangu wa hesabu ameondoka tangu Pasaka. Nikikuandikisha hivyo hivyo utaanguka, mama, na utaangukia kwenye jina la kituo changu."

"Unaogopea bango lako."

"Naliogopea, ndiyo," alikubali bila haya. "Jumamosi saa sita mchana napeleka majina. Niletee mwalimu, nikuandikie hesabu. Usipomleta, ni HKL au mwakani."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Mwakani Mektrida angekuwa na miaka arobaini na mbili, na HKL isingemfikisha kokote alikotaka kwenda.

Jioni mumewe Rogath alipiga simu kutoka Mwika, alikokuwa akipogoa kahawa.

"Hesabu, Mektrida? Si ulipata C wewe?"

"C ni kufaulu. Wewe ulipata nini?"

Rogath akahamia kwenye habari za kahawa.

Victoria, binti yao wa kidato cha tatu, alikuwa akimenya ndizi huku akicheka chini chini. "Hata sisi hatuna mwalimu wa hesabu, mama. Madamu Rukaya yuko likizo ya uzazi."

"Anakaa wapi?"

Kisu kikasimama. "Mama, jamani. Usiende kuniaibisha."

"Sijauliza aibu. Nimeuliza anakaa wapi."

Alhamisi, alipotoka kazini, Mektrida alipika mtori, ndizi na nyama vikapondwa mpaka vikalainika, kama anavyopikiwa mama yeyote aliyejifungua. Akaumimina kwenye hotipoti, akaenda Pasua, akabisha hodi.

Rukaya alifungua mlango akiwa na mtoto begani, kanga imelowa maziwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Shikamoo, mama Victoria. Kuna tatizo shuleni?"

"Marahaba. Hakuna tatizo. Nimekuletea mtori, na nimekuja kuomba kitu. Kula kwanza, mtoto nipe mimi."

Rukaya hakubisha, alikula kama mtu aliyesahauliwa. Mektrida akamweka mtoto kifuani, akaeleza shida yake bila kuipamba. Aliposikia "Jumamosi", Rukaya aliweka kijiko chini.

"Mama, mimi hata kuoga nasahau. Na hesabu za advansi, za kidato cha sita, si zile za Victoria. Watu wanalia."

"Nijaribu. Nikishindwa nitabeba hotipoti yangu niondoke."

Rukaya akavuta daftari. "Una wanafunzi kumi. Unataka kuwachagua watatu waende mashindanoni. Unaweza kuwachagua kwa njia ngapi?"

Mektrida akashika kalamu, mkono mwingine ukimpigapiga mtoto mgongoni. Wa kwanza, njia kumi. Wa pili, tisa. Wa tatu, nane. Akaandika 720. Lakini hakuipenda ile namba. Akawaona wale watatu kama mafaili matatu anayoyatoa rafuni: uanze na lipi, umalize na lipi, bosi anapokea mafaili yaleyale. Na mafaili matatu hupangika kwa namna sita. Akakata 720, akagawanya kwa sita, akaandika 120.

"Nani kakufundisha kugawanya?"

"Hakuna. Nilikuwa nayahesabu mafaili yaleyale mara sita."

Rukaya akaandika swali la pili, lenye alama ambazo Mektrida hakuwahi kuziona. Alilitazama kwa muda, kisha akaweka kalamu chini.

"Hili silijui. Sijafundishwa."

"Afadhali umesema. Wengine wangeniandikia ukurasa mzima wa uongo." Rukaya akapangusa mdomo. "Saa kumi na moja jioni, siku nne kwa wiki, hapa hapa. Ninapofundisha, mtoto unashika wewe. Ukikosa mara mbili, tumeachana."

"Sikosi. Sasa niandikie hayo kwenye karatasi, weka na namba yako ya simu."

Jumamosi saa tano Mwalimu Salehe aliisoma ile karatasi mara mbili, akapiga namba, akasikiliza sauti ya Rukaya na kilio cha mtoto nyuma yake. Akakata simu. Akachukua fomu mpya.

"Na ukifeli, mama?"

"Nitakuwa nimefeli hesabu, na mwakani nitarudia hesabu. Andika."

Akaandika. Mektrida aliigeuza fomu upande wake, akapitisha kidole: Uchumi, Jiografia, Hisabati ya Juu. Alirudia ule mstari wa tatu, pamoja na nambari ya somo, kisha akasaini.

"Nitunzie nakala yangu," alisema akisimama. "Saa kumi na moja niwe Pasua. Madamu kasema leo tuanze na lile swali la pili."