Ukurasa wa Picha

"Babu, pasipoti yako inakufa mwezi ujao," karani wa shirika la ndege alisema, akimgeuzia mzee ukurasa wa picha ili aione tarehe mwenyewe. "Huko wanataka iwe na uhai wa miezi sita."

"Mimi mwenyewe sina uhakika wa hiyo miezi sita," mzee akajibu. "Naenda kumwona mjukuu, nalala siku chache, narudi. Na nimeambiwa viza haitakiwi."

"Viza haitakiwi, babu. Masharti yanatakiwa."

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kisha akakumbuka kwamba anayechekwa ni yeye, akakusanya vitu vyake na kuondoka akiburuta sanduku lenye gurudumu bovu.

Karani hakupenda kuwarudisha watu. Lakini walikuwa wengi waliosikia "bila viza" wakadhani nchi ya watu ni kama sokoni, unaingia na kapu lako. Aliwaeleza kila siku, kwa sauti ileile ya chini: pasipoti nzima isiyochanika, tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, pesa ya matumizi, bima. Msafiri akikosa kimoja akarudishwa kule mbele, shirika la ndege ndilo linalombeba, na karani aliyempitisha ndiye anayeitwa ofisini. Kwa hiyo alikagua taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wenzake wakambandika jina la Kobe.

"Anayefuata," akaita.

Aliyefuata alikuwa shemeji yake.

Alivaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Akaliweka sanduku kwenye mizani na kuegemea kaunta kwa viwiko.

"Shem! Kumbe ndiyo kaunta yako? Bahati gani hii!"

Macho ya Kobe yalikuwa yameshuka kwenye ile mikono. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa asubuhi aliyoingia nyumbani kwa dada yake bila kubisha hodi, akamkuta dada chini ya meza ya jikoni, mkono umekaa kwa namna ambayo mkono wa mtu haukai, na unga umeshikana na damu sakafuni. Huyu alikuwa amesimama kwenye sinki, ananawa.

Dada alipopona alikimbilia nje ya nchi. Alikuwa anafanya kazi ya kuogesha wazee, anaishi kwenye chumba ambacho anwani yake waliijua watu wawili tu: Kobe na mama yao.

"Unakwenda wapi?"

"Kutalii. Kwani kuna aliyekataza? Viza hawataki, nimesoma mwenyewe."

Akasukuma bahasha ya plastiki. Mtu huyu, ambaye hakuwahi kukumbuka hata kufunga bomba la maji, alikuwa amepanga karatasi zake kama mwanafunzi wa bweni siku ya ukaguzi. Pasipoti mpya. Tiketi ya kwenda na kurudi. Bima. Barua ya benki.

"Utafikia wapi?"

Shemeji akaweka kipande cha karatasi juu ya kaunta. Jina la mtaa, jengo, ghorofa, mlango. Mwandiko ulikuwa wa mama, zile herufi zake kubwa zinazoegemea upande mmoja kama zimechoka.

"Nilikwenda nikalia miguuni pake," shemeji akasema. "Unajua mama yenu hawezi kuona mwanaume analia. Akasema nenda baba, kamrudishe mwenzako."

Kobe akaendelea na maswali ya kazi, kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mdomoni.

"Sanduku umelipanga mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kuna kitu chenye ncha?"

"Hakuna. Kuna zawadi ya mke wangu. Fungua uone, si ndiyo kazi yako?"

Akafungua. Kulikuwa na nguo chache, na chini ya nguo taulo lililoviringishwa. Ndani ya taulo mlikuwa na mchi wa kinu, wenye ufa karibu na kichwa na waya uliozungushwa kuukaza. Waya ule aliufahamu. Shemeji aliufunga jioni ya siku ile ya jikoni, wakati dada yuko hospitali anafungwa plasta.

"Aliusahau nyumbani," shemeji akasema polepole. "Na kule si kuna jiko?"

Kobe alibonyeza kengele. Msimamizi wa zamu akaja na funguo zake zinagongana kiunoni. Akaushika mchi, akaunusa, akaurudisha.

"Mti mkavu. Hauna udongo wala wadudu. Unapita."

"Bosi, huyu anakwenda kumuua dada yangu."

"Amesema hivyo?"

Shemeji alikuwa anatabasamu kama bwana harusi.

"Polisi ulishakwenda?" msimamizi akauliza.

"Nilikwenda. Wakasema mume na mke wayamalize wenyewe."

Msimamizi akainama karibu na sikio lake. "Hapa tunakagua masharti, hatukagui mioyo. Nikimzuia mtu mwenye kila kitu, kesho tuko mahakamani wote wawili. Umeona kasoro?"

"Bado."

"Basi maliza kuangalia."

Akaondoka haraka, maana kaunta ya mwisho mkanda wa mizigo ulikuwa umekwama. Kobe akaanza upya. Ukurasa wa kwanza, wa pili, akiinua kila karatasi kwenye mwanga. Aliangalia mihuri ambayo haikuwepo. Akarudi mwanzo.

"Huo umeshauangalia," shemeji akasema.

"Naangalia tena."

"Unanitania?"

"Ndivyo ninavyofanya kazi, shemeji. Uliza hata hao walio nyuma yako."

Mshipa ulimtoka shemeji kwenye paji la uso. "Wewe na dada yako damu moja. Mtu anasemeshwa, anajifanya mtulivu, anakuangalia kama wewe ni mjinga. Ndiyo maana yule..."

"Ndiyo maana nini?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama anavyouliza uzito wa mzigo.

"Ndiyo maana nilimvunja mkono!" Sauti ilifika mpaka mlangoni. "Na bado anao mwingine. Lete hapa!"

Akaikamata pasipoti. Kobe alikuwa ameishika upande wa ukurasa wa picha, kwa mikono yote miwili. Jambo moja tu likamjia, dogo na wazi, kwa maneno aliyoyasema maelfu ya mara: pasipoti nzima isiyochanika.

Hakuiachia.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni na jino likamwingia kwenye ulimi. Ya pili hakuiona. Shemeji alimvuta juu ya kaunta, kifua cha Kobe kikafagia kibodi na vibandiko vya mizigo mpaka chini, na bado akashikilia. "Achia!" Akameza damu na kushikilia. Shemeji akanyakua stepla kwa mkono wake mwingine na kuanza kumpondaponda vidole, kama mtu anayetwanga, na Kobe alisikia kidole kimoja kinalia kama kijiti kinachovunjika. Alipiga kelele. Vidole vilikuwa vyake, vinauma kama moto, lakini vilikataa kufunguka.

Uzi wa pasipoti ulikatika kwanza, kisha karatasi. Shemeji akaanguka chali na kitabu. Kobe akaanguka upande wa pili na picha.

Kwa kitambo shemeji alikitazama kile kitabu kilichobaki mkononi, mahali palipokuwa na uso wake. Halafu akanguruma, akachomoa mchi kwenye sanduku lililokuwa wazi, na kuruka kaunta.

Pigo la kwanza lilipasua kioo cha kompyuta. La pili lilimkuta Kobe begani akijiviringisha chini ya kiti. La tatu halikufika. Mama mmoja wa foleni, mnene, mwenye sanduku gumu, alikuwa amepita pembeni ya mizani, akalibamiza sanduku lile nyuma ya magoti ya shemeji kwa nguvu zake zote. Shemeji akapiga magoti. Mlinzi akamrukia shingoni, wakaenda chini pamoja, na paji la uso la shemeji likagonga ukingo wa chuma wa mizani. Ilisikika kama nazi inapasuka. Alipoinuliwa, uso mzima ulikuwa damu, na mizani ilikuwa inaonyesha uzito wa mtu na sanduku pamoja.

"Nitakata nyingine!" alipiga kelele wakimburuta. "Unasikia, shem? Nakata nyingine, nakuja kaunta hiihii!"

Kwenye chumba cha huduma ya kwanza, muuguzi alilazimika kumkunjua Kobe vidole kimoja kimoja ili aitoe ile karatasi. Picha ilikuwa imelowa, uso wa shemeji umekunjamana katikati.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, funguo kazishika zisilie.

"Nimetazama kamera. Yeye ndiye aliyevuta."

"Ndiyo."

"Na wewe ulishika."

"Nilishika."

"Kasoro yenyewe ilikuwa ipi?"

"Haikuwepo," Kobe akasema, mdomo umevimba, maneno yanatoka mazito. "Nilishamaliza kuangalia. Angesubiri kidogo tu, ningempa pasi ya kupandia."

Msimamizi akaenda kumtafutia maji.

Kobe alimpigia dada yake kwa mkono wa kushoto.

"Hama," akamwambia.

"Tena? Mdogo wangu, nimechoka. Hata pazia sijaweka."

"Hama leo, kalale kazini. Amefungiwa, lakini akitoka atakata pasipoti nyingine. Ameijua anwani."

"Nani kamwambia?"

Kobe alimwaza mama yao, simu ikiwa mapajani, akisubiri kusikia kwamba mkwe amefika salama.

"Nitakwambia kesho."

"Mbona unaongea hivyo? Una nini mdomoni?"

"Jino. Funga begi, dada."

Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi kaunta kuchukua mkoba wake. Foleni ilikuwa imehamishiwa kwa wenzake. Damu ilikuwa imepigwa deki. Mchi ulikuwa umechukuliwa na polisi, lakini sanduku lilikuwa palepale kwenye mizani, limeachama, na kwa taratibu za kazi karani aliyelipokea ndiye anayeliandikia kibandiko cha stoo. Akakaa. Akaokota kibandiko sakafuni na kukipapasa kikanyooka. Akashika kalamu kwa kushoto, akaandika herufi ya kwanza ya jina la shemeji yake. Ilitoka imeegemea upande, kama za mama.

"Acha, Kobe," msimamizi akasema nyuma yake. "Nenda nyumbani. Utamalizia kesho."

Akaiweka kalamu juu ya kibandiko ili kisipeperuke, na kuzima taa ya kaunta.