Kodi ya Shitanda

Kageha alikuwa amepiga magoti akisiliba sakafu ya kanisa kwa mavi ya ng'ombe, mtoto wake Jescah akilala mgongoni, Nabwire alipoingia mbio na kukanyaga palipokuwa bado pabichi.

"Mama Jescah! Shitanda ameshikwa!"

"Ameshikwa na nani? Toa mguu hapo."

"Askari kanga wa chifu. Wako sokoni, wanashika kila mtu mrefu. Wanataka risiti ya kodi."

Kageha alinyanyuka na mikono yake ya kijani. Sakafu ilipaswa kukauka kabla ya saa kumi, maana saa kumi ndipo vijana wake wa Jumamosi walipokuja, na leo Shitanda angeongoza sala kwa mara ya kwanza. Wiki nzima kijana huyo alikuwa akipita nyuma ya jiko lake kumwuliza: Mama, mtu akiomba mbele ya wengine anafumba macho kwanza ama anaanza kusema kwanza?

Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Sukari ilikuwa imepanda, mafuta ya taa yamepanda, na nafasi za sekondari zilikuwa chache kuliko meno ya mtoto mchanga. Watoto waliomaliza darasa la saba walikuwa wamejaa vijijini, kutoka Shirere hadi Lurambi, wakiegemea kuta za maduka. Kageha ndiye aliyewakusanya. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma vizuri katika darasa la jioni, tayari akiwa mke wa mtu, na alijua uchungu wa kukaa na akili isiyo na kazi. Mumewe Phineas alikuwa Nairobi. Alirudi Krismasi, akaondoka kabla nguo zake hazijakauka kambani. Wanawake wenzake walisema, huyu badala ya kulima anacheza na watoto wa watu. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo nyumba ya Kageha haikumlemea kwa ukimya wake.

Alinawa, akafunga ufunguo wa kanisa kwenye pindo la leso, akaenda.

Katika kambi ya chifu wanaume walikuwa wamekalishwa kwenye nyasi, miguu imenyooshwa mbele. Shitanda alikuwa mwishoni, goti lake limetoka kwenye tundu la kaptura. Chifu aliketi pale pale alipoketi siku za Mzungu, kwenye kiti kile kile. Picha ya ukutani tu ndiyo iliyobadilishwa.

"Mulembe, Chifu."

"Mulembe, mke wa Phineas. Bwana yako analipa kodi huko Nairobi?"

"Analipa."

"Basi wewe hauna kesi. Enda nyumbani."

"Nimekuja kwa sababu ya Shitanda. Hajafika miaka ya kodi. Yuko na kumi na sita."

"Nani alihesabu? Mama yake alikufa. Nyanya yake hata vidole vyake hawezi kuhesabu."

Askari mmoja, Masinde, aliyezaliwa ng'ambo tu ya mto, akacheka. "Chifu, mimi nilimuuliza kwa heshima. Nikasema, kijana, uko mwanaume ama uko mtoto? Akasimama hivi." Akatoa kifua mbele. "'Mimi mwanaume!' Sasa mwanaume si analipanga kodi?"

Wengine wakacheka. Kageha hakucheka. Agosti iliyopita Shitanda alikuwa ametolewa mtoni alfajiri, mwili umepakwa matope, akasimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho. Kijana aliyesimama hivyo hawezi tena kusema mbele za watu kuwa yeye ni mtoto. Afadhali amezwe na ardhi. Masinde alilijua hilo. Yeye pia aliwahi kusimama pale mtoni. Ndiyo maana hakuuliza miaka.

"Lete mzee wa kanisa," chifu akasema. "Mzee Sylvanus akisema huyu ni mtoto, nitamwachilia. Lakini upesi. Lori la kwenda boma linangoja, na huko selo wakora ndio watampa matandiko."

Mzee Sylvanus alikuwa baba mkwe wake. Tangu aolewe Kageha hakuwahi kumpa mkono wala kumtazama usoni, na mzee alikohoa kila alipokaribia mahali ili mke wa mwanawe apate kupisha. Hata ufunguo wa kanisa hawakupeana mkono kwa mkono: mzee aliuweka juu ya jiwe la kunolea, akaenda zake, ndipo Kageha akaja kuuchukua. Basi siku hiyo alikwenda akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, akauambia ukuta shida yake.

Mzee alikuwa akinoa jembe upande wa pili.

"Huyo kijana nilikuwepo akikatwa," akasema. "Hakulia. Sasa mimi na mvi zangu nisimame kwa chifu niseme ni mtoto? Nimrudishe kwa matiti?"

"Baba, sema miaka yake tu."

"Chifu haulizi miaka. Na mambo haya ya kukusanya vijana, nilisema tangu mwanzo. Leo nafunga kanisa mapema. Sitaki serikali iseme tunaficha watu wa kodi."

Kageha alirudi peke yake. Jescah alikuwa ameamka, anataka kunyonya. Aliketi chini ya ukingo wa paa la kambi, akamnyonyesha huku askari wakiwasha injini ya lori.

Chifu akatoka akipangusa mdomo. "Mzee yuko wapi?"

"Amekataa."

"Basi sema wewe. Si wewe ndiye mama yao? Simama hapo useme kwa nguvu, kila mtu asikie: Shitanda ni mtoto. Mimi siyo mtu mbaya."

Kageha alisimama. Alimtazama Shitanda, na Shitanda akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anamwomba. Midomo yake ilikwenda bila sauti: Mama, hapana.

Aliziona mbao za lori, na mikono ya watu wazima waliokwisha kupakiwa imezishika kwa ndani. Alifikiri juu ya usiku wa kijana wa miaka kumi na sita katikati ya mikono ile.

"Shitanda ni mtoto," akasema.

"Kwa nguvu, mama."

"Ni mtoto!"

Wanaume waliokuwa kwenye nyasi waliinamisha vichwa kana kwamba wao ndio waliovuliwa nguo. Masinde peke yake ndiye aliyepata la kusema: "Haya, toto, enda ukanyonye. Mwenzako amekubakishia."

Shitanda aliinuka. Alijipangusa nyasi, akampita Kageha karibu sana, hata harufu ya sabuni aliyofulia shati la kuongozea sala ikamfikia.

"Shitanda, ngoja twende pamoja."

Hakugeuka.

Saa kumi ilifika. Sakafu ilikuwa imekauka, na unyayo wa Nabwire umebaki katikati. Alikuja Nabwire peke yake.

"Wengine wako wapi?"

"Wale warefu wamelala kwa mahindi, wanaogopa askari. Wale wafupi wanasema hawakuji mahali pa kuitwa watoto."

"Na yeye?"

Nabwire alichora kitu kwenye benchi kwa kidole. "Alipita kwa nyanya yake akachukua blanketi. Ameenda Lugari kwa wale waliopewa mashamba ya Wazungu, apalilie mahindi yao. Anataka pesa ya kodi."

"Kodi gani? Si ameachiliwa!"

"Anasema akirudi na risiti hakuna mtu atasema tena yeye ni mtoto." Nabwire alimtazama, kisha akatazama mlango. "Hata wewe, Mama."

Jescah alikuwa akitambaa sakafuni, anaelekea ule unyayo. Kageha alikaa. Mabenchi yalikuwa mengi mno kwa watu wawili na mtoto. Kisha akasikia kikohozi nje. Mzee Sylvanus. Amekuja kuchukua ufunguo afunge.

Nabwire alishika kitambaa chake cha kichwa, tayari kuondoka. Kikohozi kikaja tena, kikubwa zaidi. Ndivyo alivyokohoa siku zote, na siku zote Kageha alikuwa akiinuka, akitokea mlango wa nyuma na uso wake chini. Maadamu yeye yumo ndani, mzee hawezi kuvuka kizingiti.

"Keti, Nabwire," akasema.

"Mama, Mzee yuko hapo nje."

"Nimesikia."

Alipapasa pindo la leso, ufunguo ulikuwa pale. Akasogea kwenye benchi la mbele, mahali ambapo Shitanda alikuwa asimame.

"Fumba macho," akasema. "Leo utaongoza wewe. Anza na jina la Shitanda."

Nje, mzee alikohoa mara ya tatu.

Nabwire alifumba macho, akaanza.