Mota Moja kwa Mashemeji Wawili

Siku klabu ilipopiga kura kwamba magari yote yatumie mota ya aina moja, iliyofungwa kiwandani na isiyoruhusiwa kufunguliwa, Fundi hakunyoosha mkono. Aliendelea kufuta tairi za gari lake dogo kwa kitambaa, taratibu, kama mtu aliye peke yake chumbani. Mikono mingine yote ilikuwa juu. Na wa kwanza kunyoosha, tena aliyeleta hoja yenyewe, alikuwa shemeji yake.

Klabu yao ilikuwa ya magari ya rimoti, yale yanayokimbia kwa betri na kutosha kubebwa kwapani. Kila Jumamosi asubuhi walikutana katika ukumbi wa kiwanda cha viatu kilichofungwa zamani, wakatandika zulia la kijivu sakafuni na kuchora kona kwa mipira chakavu ya maji ya zimamoto. Madereva walipanda jukwaa la mbao, kila mtu na rimoti yake mkononi, wakakimbiza magari yao huko chini. Walikuwa watu wazima wenye kazi zao. Mwenyekiti alikuwa mfamasia, mama wa sauti ya chini asiyependa kurudia neno. Fundi alitengeneza saa na redio katika duka jembamba lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vitambaa. Shemeji yake, aliyemwoa dada yake mkubwa, alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimpachika jina la Breki, na jina lenyewe likamganda hadi nyumbani kwake.

Kisa cha kura ile kilikuwa kwamba Fundi hashindiki. Kwake, mota ya kununua dukani ilikuwa malighafi tu. Aliifungua, akatoa waya wa ndani, akausuka upya kwa mkono, akachonga vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, akasawazisha mhimili hadi mota ikaimba. Gari lake lilipotoka kona ya mwisho na kuingia njia iliyonyooka, mengine yalionekana kama yameegeshwa. Kwa misimu mitatu aliwapa wenzake vumbi. Waliojaribu kuagiza mota za bei mbaya hawakufua dafu. Kidogo kidogo watu wakaanza kuwa na udhuru: huyu mgongo unamsumbua, yule ana wageni, mwingine gari limeharibika na hana haraka ya kulitengeneza. Jukwaa likabaki na watu wa kuhesabu kwa vidole. Fundi hakuliona hilo. Macho yake yalikuwa kwenye gari lake, na gari lake lilikuwa mbele.

Baada ya kura aliingia mitini. Jumamosi ya kwanza alisema ana kazi nyingi. Ya pili hakusema kitu. Breki alipompigia simu, aliiacha ikaita mpaka ikachoka yenyewe.

Ndipo dada mtu, aliyekuwa mpima muda wa klabu, alipokuja dukani, na saa yake ya mkononi, ambayo alidai mkanda wake umelegea.

"Mkanda huu mzima," Fundi alisema akiigeuza saa.

"Basi nimekuja kukuona. Hilo nalo ni kosa?"

Fundi alimsogezea kiti. Dada alikaa, akatazama saa za ukutani, kila moja ikienda na wakati wake, akatikisa kichwa.

"Mdogo wangu, mota mpya zimefika. Boksi zima. Mwenyekiti anataka mtu azipime kabla hazijagawiwa, tujue kweli ziko sawa."

"Mpeni mwenye wazo azipime."

"Mwenye wazo hajui tofauti ya mota na mashine ya kusagia, nawe unajua. Kuendesha anajua. Lakini mkimpa bisibisi, mtafute na bandeji."

Fundi alijikaza asicheke, lakini pembe za mdomo zilimsaliti. Dada hakumpa nafasi ya kukunja uso tena. Alitoa boksi kwenye mkoba, akaliweka juu ya kaunta katikati ya matumbo ya redio, akaaga.

Alizipima siku iliyofuata, duka likiwa na utulivu. Zilikuwa ndogo, za rangi ya fedha, zimefanana kama mayai. Aliziunganisha moja moja na umeme wa nguvu ileile, akaziacha zizunguke mpaka zikolee, akaangalia kipimo cha mizunguko na kusikiliza. Nyingi zilitoa sauti moja, mlio wa nyuki aliyefungiwa chupani. Moja ilikuwa goigoi kidogo, aliiweka kando. Halafu akaunganisha nyingine, na kabla hata ya kutazama kipimo akajua. Ililia juu zaidi, nyembamba na safi, na sindano ilipita pale nyingine zote zilipokuwa zikiishia.

Alikaa nayo mkononi kwa muda. Kwa nje haikuwa na alama yoyote. Zikichanganywa kapuni ili kila mtu achague yake, hakuna ambaye angeitambua, isipokuwa mtu aliyeishika na kuona kwamba mhimili wake una mkwaruzo mdogo kama unywele karibu na ncha. Na mtu huyo alikuwa yeye. Wazo lilimjia, likamzungukia kama nzi, na alilisikia vizuri kabisa. Lakini alikuwa mtu wa vipimo tangu ujana. Saa inayokimbia mbele kwake ilikuwa mbovu sawa na inayochelewa. Aliichukua ile mota, akaiweka pamoja na ile goigoi, akazirudisha zilizobaki kwenye boksi.

Jumamosi ilipofika alilipeleka mwenyewe. Alipoingia ukumbini alidhani amekosea mlango. Meza zote zilikuwa na watu. Mzee mpiga chapa alikuwepo, aliyekuwa akilalamikia mgongo. Mama Maua, mwenye duka la maua karibu na hospitali, alikuwa amelivua gari lake plastiki lililokaa ndani yake mwaka mzima. Kulikuwa na vicheko, harufu ya mpira na mafuta ya mashine, na watu wakiazimana spana.

Mfamasia alizipokea mota, akasikiliza maelezo ya Fundi kuhusu zile mbili, akashukuru. Kisha akaanza kupaka tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ya kila mota, ili atakayeifungua rangi ivunjike na ajulikane. Alipomaliza alizihesabu, akawahesabu watu.

"Tumepungukiwa na mota moja," alisema. "Sikutarajia watu wote hawa. Mmoja wetu leo atakuwa mtazamaji."

Fundi akaanza kufunga sanduku lake. "Nitakuwa mimi. Ndimi niliyezitoa zile mbili."

"Wewe hukai," Breki alisema kutoka upande wa pili wa meza. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya kura. "Nitakaa mimi. Wewe ukikaa watu watasema nimekutoa mara ya pili."

"Kwani mara ya kwanza hukunitoa?"

Watu wakageukia magari yao, kila mmoja ghafla ana skrubu ya kukaza. Breki alizunguka meza, akasimama karibu naye, akashusha sauti.

"Shemeji, tazama ukumbi huu. Lini mara ya mwisho uliuona hivi? Tulibaki watu wachache tunakuja kutazama gari lako linavyokwenda, halafu tunakunja zulia tunarudi makwetu."

"Kwa nini hukuniambia kabla? Usiku ule tulikula sahani moja nyumbani kwako, ukanyamaza, kesho yake nakusikia mbele za watu."

"Ningekuambia, ungekubali?"

"Ningekataa."

"Basi."

"Lakini ningekataa nikiwa nimeambiwa," Fundi alisema. "Mimi ni mtu wako."

Breki aliangalia viatu vyake. "Niliogopa," alisema mwishowe. "Nilijua nikikutazama usoni sitaisema. Hapo nilikukosea, shemeji. Kwa mota sikukosea, lakini kwa hilo nilikukosea."

Mkono wa Fundi ulikuwa umeacha kufunga sanduku. Ndipo dada, aliyekuwa mezani pake pa kupimia muda, akipanga karatasi kama asiyesikia, alipoinua kichwa.

"Nyie wawili mmemaliza? Kuna makundi mawili leo. Mmoja aende la kwanza, mwingine la pili. Mota ni moja, mtabadilishana. Skrubu mbili na nyaya mbili, kazi gani hiyo?"

Wakatazamana. Mfamasia alisema haoni ubaya wowote, na mambo yakawa hivyo. Kila kundi lingekimbia mara tatu, na mwenye mizunguko mingi kwa jumla ndiye mshindi.

Fundi alikuwa kundi la kwanza. Alipanda jukwaani, kengele ikapigwa, magari yakaondoka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuna lililotangulia. Yalikwenda rundo moja, yakigusana mabega. Kwenye njia iliyonyooka alisubiri gari lake lichomoke kama ilivyokuwa desturi yake. Halikuchomoka. Akajaribu kufidia kwa kuingia kona ya tatu kwa kasi, gari likateleza, likapanda mpira wa zimamoto, likalala ubavu. Mtu alipolisimamisha wenzake walikuwa wamempita wote. Alirudia kosa hilohilo mara mbili zaidi kabla ya kengele ya mwisho. Alishuka na masikio yanawaka moto.

Breki alikuwa anamsubiri na bisibisi. Fundi alimnyang'anya. "Lete, utajitoboa." Aliichomoa mota kwa kitambaa, kwa kuwa ilikuwa inaunguza, akaigusa, akaiweka mezani.

"Funga basi, kundi la pili wanapanga magari," Breki alisema.

"Ikiwa ya moto inapoteza nguvu. Mimi niliipata baridi. Nawe utaipata baridi."

"Wanatusubiri, shemeji."

"Na wasubiri."

Walisubiri. Mzee mpiga chapa, aliyetoka kukimbia na Fundi, alinung'unika kidogo, kisha akatoa kipande cha boksi akaanza kuipepea yeye mwenyewe. Fundi aliendelea kuigusa kwa kidole mpaka akaridhika, ndipo alipolivuta gari la Breki na kuifunga. Hakuwahi kulitazama gari lile kwa karibu. Lilikuwa safi, mizani yake imepangwa kwa akili, betri imesogezwa mahali ambapo yeye hakufikiria kuisogeza.

Kisha akasimama ukutani na kumwangalia Breki akiendesha. Mota ileile. Lakini Breki aliachia kasi mapema kabla ya kona, mapema mno kwa macho ya Fundi, akaliacha gari lizunguke lenyewe, halafu akalitoa taratibu, likapita kona ya tatu bila hata kunusa ule mpira. Misimu yote ile Fundi alikuwa mbele yake, hakuwahi kuona shemeji yake anavyoendesha.

Walipobadilishana tena, Fundi alikaza skrubu akiwa ameinama, kisha akasema bila kuinua uso, "Ile kona ya tatu."

"Unachelewa kuachia," Breki alisema upesi, kama mtu aliyekuwa na maneno hayo mdomoni miaka. "Ulikuwa na nguvu za kufukia makosa. Sasa huna. Ukifika kwenye alama ya gundi pale sakafuni, toa kidole."

"Mapema hivyo?"

"Mapema hivyo. Moyo utakuuma. Uache uume."

Awamu ya pili Fundi alitoa kidole kwenye alama ya gundi, na moyo ukamuuma kweli, na gari likapita. Halikupita vizuri kama la Breki, ila lilipita. Awamu ya tatu aligusa mpira mara moja tu, na akampita mpiga chapa kwenye kona, si kwenye njia iliyonyooka. Mzee alimtolea macho, kisha akacheka kwa sauti.

Ilipofika mbio za mwisho za kundi la pili, hakuna aliyebaki mezani. Mama Maua na Breki walikwenda bega kwa bega mzunguko baada ya mzunguko, na Fundi akajikuta amekamata nguzo ya jukwaa kwa mikono miwili, hajui nani atashinda, anapiga kelele hata asijue anamshangilia nani. Kengele ilipolia wote walimgeukia dada. Alijumlisha, akajumlisha tena.

"Mama Maua," alisema.

"Hesabu tena," Mama Maua mwenyewe alisema, ameshika kifua.

"Nimehesabu mara mbili."

"Basi ya tatu isikupe tabu, mwenzangu, maana mimi hapa naweza kuzirai bure."

Breki alikuwa wa pili. Fundi alikuwa wa sita, naye aliiona nafasi hiyo ikiandikwa ubaoni kwa chaki, akaisoma bila kugeuza uso. Iliuma, asingedanganya. Lakini alipoanza kupanga vifaa vyake aligundua kwamba haharakishi kuondoka.

Watu walipokuwa wakikunja zulia, alimwendea mfamasia na kumwomba wamwachie upande ule wa kona ya tatu ukiwa umetandikwa kwa muda kidogo. Mfamasia aliitazama saa, akasema sawa, lakini funguo anazo yeye na tumbo lake halina subira.

Fundi alipanda jukwaani peke yake. Breki alivuta kiti cha plastiki, akaketi karibu na kona, miguu ameinyoosha. Gari likaja, Fundi akaachia kasi, likagusa mpira kidogo.

"Bado," Breki alisema.

"Nimeona," Fundi alijibu, akaligeuza lije tena.